Baridi Mbili, Uwanja Mmoja: Somo la Nyasi kutoka Viwanja vya Gofu

Alama za viatu huonekana baada ya siku mbili tatu. Asubuhi ya Januari, kabla ya saa moja, wanafunzi wanakatiza uwanja kwenda darasani. Nyasi ni nyeupe kwa sakitu na zinavunjika kwa sauti chini ya viatu, lakini hakuna anayeona ubaya wowote. Jua linachomoza, weupe unayeyuka, uwanja unarudi kijani. Kisha wiki inavyosonga, njia ile waliyopita inajichora yenyewe: nyayo za rangi ya kahawia, moja baada ya nyingine, kutoka langoni hadi kwenye goli. Anayezitazama husema nyasi zimeungua kwa baridi. Baridi ilikuwapo, ndiyo, lakini nyasi za pembeni zilipigwa na baridi hiyo hiyo na bado ni kijani. Zile za njiani zilikanyagwa zikiwa zimeganda.

Wakazi wa Kinangop, Njabini na Ol Kalou wanaijua sakitu kwa yale inayofanyia viazi na kabichi. Kuhusu uwanja wa mpira haizungumzwi sana, kwa kuwa nyasi hazipelekwi sokoni. Hata hivyo uwanja ulioharibika una gharama yake. Udongo ukibaki wazi, mvua ya Machi huugeuza tope, jua la kiangazi huufanya mgumu kama sakafu, na mtoto anayeangukia hapo hachubuki tu. Kupanda upya ni kazi ya miezi, na miezi hiyo uwanja hautumiki. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka michezo na vifaa vyake miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hivyo uwanja ukifa, anayelipa ni mkazi yule yule ambaye mwanawe hana pa kuchezea.

Watu waliolifikiria jambo hili kwa muda mrefu zaidi ni watunzaji wa viwanja vya gofu. Gofu si mchezo wa wengi huku kwetu, na wapo watakaouliza unahusiana vipi na uwanja wa shule ya msingi. Unahusiana kwa sababu ya nyasi. Kwenye gofu, sehemu inayozunguka shimo, ambayo wachezaji huiita grini, hukatwa hadi kimo cha milimita 3 hivi. Nyasi iliyokatwa hivyo ina jani dogo sana la kujitengenezea chakula na haina akiba ya kupoteza. Kosa ambalo uwanja wa kawaida ungelistahimili kwa mwaka mzima, grini hulionyesha ndani ya wiki moja. Ndiyo maana watunzaji wake wamejifunza mapema kile ambacho wengine hujifunza kwa hasara.

Kazi inayofanywa kabla ya theluji

Katika nchi zenye theluji, kama Kanada, kaskazini mwa Marekani na Uskoti, mtunza uwanja haanzi kujiandaa theluji inapoanguka. Wakati huo kazi imeshakwisha. Maandalizi hufanywa kati ya Agosti na Oktoba, siku zinapofupika na usiku unapoanza kuwa na ubaridi, kwa sababu nyasi yenyewe hujiandaa wakati huo. Inapunguza kukua juu, inapunguza maji ndani ya chembe zake, na inahifadhi sukari kwenye mizizi na kwenye kile kiini kidogo kilicho usawa wa ardhi ambako majani na mizizi hukutana. Kiini hicho ndicho uhai wa mmea. Majani yote yakikauka na kiini kikabaki, nyasi itarudi. Kiini kikifa, hakuna mbolea itakayoifufua.

Kazi ya mtunzaji, basi, ni kutouvuruga mpango huo. Kosa kubwa linalotajwa na kila mwalimu wa kazi hii ni kuweka mbolea nyingi ya nitrojeni baridi ikiwa karibu. Uwanja hung'aa na kupendeza kwa wiki tatu. Lakini majani yaliyochipua ni mororo, yamejaa maji, na mmea umetumia akiba yake kuyatengeneza. Yakipigwa na baridi huwa ya kwanza kufa, na huwa chakula cha ukungu. Katika nchi za theluji kuna ukungu unaokua chini ya theluji yenyewe, gizani na kwenye unyevu, na theluji ikiyeyuka huacha mabaka ya mviringo ya nyasi iliyooza. Nyasi iliyolishwa nitrojeni mwishoni mwa msimu ndiyo inayougua zaidi.

Mambo mengine huenda haraka. Mtunzaji huongeza kimo cha kukata ili mmea uwe na jani la kutosha. Hutoboa ardhi iliyoshindiliwa ili maji yashuke na mizizi ipumue. Huhakikisha nyasi zina potasiamu ya kutosha. Hutoa maji yote katika mabomba ya kunyunyizia kwa kuyapuliza kwa hewa ya mashine, kwani maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9 na hakuna bomba linalovumilia hilo. Katika sehemu fulani grini hufunikwa kwa vitambaa maalumu hadi msimu upite.

Kuna jambo moja ambalo huwashangaza hata wenye kazi. Mara nyingi nyasi hazifi katikati ya baridi kali, bali mwishoni, baridi inapolegea. Theluji huyeyuka mchana, maji yakasimama penye bonde, kiini cha mmea kikayanywa na kulegea. Usiku baridi ikarudi ghafla, na maji yale yakaganda ndani ya chembe na kuzipasua. Sehemu zilizokuwa na mfereji mzuri husalimika, lakini zile zilizokuwa na kidimbwi hukutwa zimekufa. Mtunzaji aliyetumia pesa nyingi kwa dawa na akasahau mfereji hupoteza vyote viwili.

St Andrews, Uskoti, mji unaohesabiwa kuwa nyumbani kwa gofu, una uwanja uitwao Old Course ambao watu wamecheza kwa karne nyingi. Majira ya baridi, mchezaji hupiga mpira akiwa ameuweka juu ya kipande cha mkeka anachobeba mwenyewe, ili asichimbue nyasi wakati ambapo haziwezi kujiponya. Jumapili uwanja huo huwa umefungwa kwa gofu kwa kawaida, na wenyeji hutembea hapo na mbwa wao. Kila mchezaji wa gofu duniani angetaka kucheza pale, na pesa zipo za kupokea Jumapili hiyo, lakini lango la mchezo hufungwa.

Baridi tunayoisikia na baridi inayogandisha

Hapa ndipo somo la nchi za theluji linahitaji kugeuzwa kidogo kabla ya kuletwa Nyandarua. Wao wana msimu mmoja wa baridi. Sisi tuna mbili, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni ile ya Juni hadi Agosti, ambayo kila mtu huisikia. Mawingu hushuka, jua halionekani siku nzima, manyunyu hayaishi, na watu huvaa makoti mchana. Wengi hudhani huu ndio wakati nyasi huungua, lakini mawingu hayo ni blanketi. Usiku, joto ambalo ardhi ilipata mchana hupanda kwenda juu. Mawingu hulizuia na kulirudisha. Kwa hivyo Julai yenye mawingu mazito huleta sakitu mara chache, hata kama meno yanagongana.

Ya pili ni ile ya kiangazi, hasa Desemba hadi Februari. Mchana ni wa jua kali, watu wanavua makoti. Usiku mbingu ni safi, nyota zinaonekana zote, na upepo umetulia. Hakuna blanketi. Joto la ardhi linapanda juu moja kwa moja na kupotea, na alfajiri nyasi ni nyeupe. Wakulima wa majani chai wa Bonde la Ufa wanalikumbuka hilo: mwanzoni mwa 2012, mwezi wa Januari, sakitu iliunguza mashamba yao wakati nchi ikiota jua mchana.

Kipimajoto kinaweza kudanganya usiku kama huo. Kikiwa kimetundikwa ukutani, usawa wa kifua, kinaweza kusoma nyuzi 3 au 4 juu ya sifuri huku nyasi zikiwa zimeganda. Hewa iliyo karibu kabisa na ardhi huwa baridi zaidi kuliko ile iliyo juu yake, na jani lenyewe hupoteza joto haraka kuliko hewa inayolizunguka. Anayetaka kujua hali ya uwanja alaze kipimajoto juu ya nyasi jioni na kukisoma kabla jua halijatoka.

Tena hewa baridi ni nzito na hutiririka kama maji. Inashuka kutoka mteremko wa Nyandarua, inafuata mabonde, na inakusanyika penye uwanda au palipozibwa. Ndiyo sababu shule mbili zilizo kilomita moja tu kutoka kwa kila mmoja zinaweza kutofautiana, moja ikawa nyeupe kila wiki na nyingine isiione sakitu mwaka mzima. Ua mnene wa saipresi uliopandwa upande wa chini wa uwanja huizuia hewa hiyo isitoke, kama vile boma la bwawa. Kufungua mwanya kwenye ua, au kupunguza matawi ya chini, ni kazi ya asubuhi moja na haihitaji zabuni.

Nyasi iliyotoka huku na kuzunguka dunia

Viwanja vingi vya kaunti yetu vina nyasi ya kikuyu, ile yenye mashina mazito yanayotambaa na kushikana kama mkeka. Wengi huiona kuwa nyasi ya ng'ombe tu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake limetokana na Wakikuyu ambao kwao ilichukuliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipelekwa nchi za mbali, ikiwemo Australia, Afrika Kusini na California nchini Marekani, ambako ilipandwa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Huko California ilitoroka, ikavamia viwanja vya gofu, na wenye viwanja wakashindwa kuing'oa. Mwishowe wakakubali kuishi nayo. Leo Riviera, uwanja maarufu wa Los Angeles uliopangwa kutumika kwa gofu ya Olimpiki ya 2028, unajulikana kwa nyasi ya kikuyu, na Torrey Pines kule San Diego, ambako US Open ilichezwa mwaka 2008 na 2021, nao pia. Wakati huo huo serikali ya Marekani imeiweka katika orodha ya magugu hatari. Nyasi ya kwetu, basi, ni mgeni wa heshima na mhalifu katika nchi moja.

Kinachotuhusu ni tabia yake baridi ikija. Si nyasi ya theluji. Hupenda ubaridi wa wastani wa nyanda za juu na mvua ya kutosha. Ikigandishwa, majani yake hugeuka rangi ya majani makavu. Lakini mashina yake ya chini ya ardhi na yale yaliyojificha ndani ya mkeka hubaki hai, na mvua ikirudi huchipua. Hii ni bahati kubwa. Maana yake ni kwamba, kwa uwanja wa kikuyu, sakitu peke yake huchoma majani tu. Mara nyingi kinachoua uwanja ni yale yanayofanywa kabla ya sakitu na asubuhi ya sakitu.

La kwanza ni kufyeka hadi udongo. Desemba ni mwezi wa mashindano. Vijana wamerudi nyumbani, wafadhili wamepatikana, vikombe vimenunuliwa, na siku chache kabla ya mechi ya kwanza watu wenye slasha wanaitwa kuufanya uwanja upendeze. Wanafyeka mpaka mabua ya kahawia yaonekane. Kwa nyasi ya kikuyu hili ni pigo kubwa, kwa kuwa majani yake ya kijani hukaa juu ya mkeka na chini yake hakuna jani, ni mashina tu. Mmea uliofyekwa hivyo unaingia kwenye usiku wa sakitu bila jani la kutengeneza chakula na bila kivuli kwa kiini chake. Halafu juu yake zinachezwa mechi nne kwa siku.

Kanuni ya watunza viwanja ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya kimo cha nyasi kwa mara moja. Nyasi ya sentimita 6 isishuke chini ya 4. Ikiwa imekuwa ndefu sana, ishushwe kwa awamu, kuanzia Oktoba, na kufikia mwisho wa Novemba ikae kwenye sentimita 4 au 5. Mpira utapungua kasi kidogo, hilo ni kweli, na makocha watalalamika. Slasha au mashine iwe na makali, kwani jani lililochanwa hukauka nchani na kufungua mlango wa ukungu. Kuhusu kondoo, ambao katika vijiji vingi ndio mashine ya kukata, ikumbukwe kwamba wao hung'ata karibu sana na ardhi. Kabla ya mashine ya kwanza ya kukata nyasi kubuniwa Uingereza mwaka 1830, viwanja vya gofu vya Uskoti vilikatwa na kondoo na sungura, kwa hiyo hakuna aibu katika hilo. Ila watolewe uwanjani mapema Novemba.

Mbolea nayo ina tarehe. Mvua ya Oktoba na mwanzo wa Novemba ndiyo nafasi ya mwisho ya kulisha nyasi kabla ya kiangazi. Kwa uwanja wa mita 100 kwa 64, mifuko miwili ya kilo 50 ya CAN hutoa takriban gramu 4 za nitrojeni kwa kila mita ya mraba, kiasi ambacho nyasi hukitumia bila kulewa. Iwekwe Oktoba, ardhi ikiwa na unyevu na majani yakiwa makavu. Ikifika katikati ya Novemba haijawekwa, iachwe mpaka Machi. Mbolea ya Desemba ili uwanja uwe kijani kwa mgeni rasmi ni kupalilia sakitu. Pale potasiamu inapokosekana, mbolea ya NPK husaidia kuliko CAN peke yake, lakini hilo lijulikane kwa kupima udongo, huduma ambayo maabara za KALRO hutoa. Jivu la kuni lina potasiamu pia. Linyunyizwe jembamba sana, kwa sababu hupunguza asidi ya udongo haraka, na lundo la jivu mahali pamoja huua nyasi badala ya kuilisha.

Kazi inayobaki ni ya jasho. Ardhi iliyoshindiliwa mbele ya magoli itobolewe kwa jembe uma, likididimizwa sentimita 10 hivi na kutikiswa kidogo, kila baada ya sentimita 10 au 15. Viwanja vya gofu vina mashine zinazong'oa vipande vidogo vya udongo na kujaza mashimo kwa mchanga; jembe uma na mchanga safi wa mto hufanya kazi hiyo hiyo polepole. Vijana kumi humaliza maeneo ya magoli yote mawili kabla ya chakula cha mchana. Kipimo cha unyevu ni kiganja: udongo ukifinywa ukashikana bila kupaka mkono tope, upo tayari. Ukipaka, ngoja siku chache, kwa maana jembe uma kwenye tope hufunga ardhi badala ya kuifungua.

Pale palipo na maji ya bomba au bwawa, unyweshaji wa mchana katika siku za kiangazi una faida maradufu. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la jua kuliko udongo mkavu, na usiku hulitoa taratibu. Maji ya jioni hayana faida hiyo, na huacha majani yakiwa mabichi wakati wa kuganda.

Asubuhi ya sakitu

Katika viwanja vya gofu vya nchi za baridi kuna desturi isiyojadiliwa: sakitu ikionekana, mchezo unachelewa. Mchezaji anaweza kuwa amesafiri saa tatu na amelipa. Atakaa akinywa chai mpaka msimamizi aseme nyasi zimeyeyuka. Anayeharakisha hapati ruhusa kwa cheo chake.

Sababu yake ni rahisi. Jani ni maji kwa sehemu kubwa. Likiganda huwa kama kioo chembamba, na uzito wa mguu huvunja chembe zake. Likiachwa liyeyuke lenyewe, mara nyingi hupona, hasa sakitu ikiwa nyepesi. Tofauti ya uwanja mzima na uwanja wenye njia za kahawia ni saa moja na nusu au mbili za subira.

Kwa shule, hili ni jambo la kamba na kibao. Wanafunzi wapite pembeni mpaka saa tatu asubuhi katika siku za sakitu. Mazoezi ya mbio ya alfajiri yahamie barabarani au kwenye njia ya murram. Kwa kamati za mashindano, mechi ya kwanza isipangwe saa mbili. Kwa waendesha boda boda wanaokatiza uwanjani kuokoa dakika mbili, tairi moja la pikipiki kwenye nyasi iliyoganda huacha mstari ambao utaonekana hadi mvua za Machi. Na asiwepo mtu wa kumwaga maji kwa ndoo ili kuyeyusha sakitu wakati bado kunaganda. Atakuwa ameongeza barafu.

Sherehe, hema na malori

Kuna jambo moja ambalo halimo katika vitabu vya gofu, na ambalo viwanja vya umma vya Kenya hukutana nalo kila mwaka. Sikukuu zetu kubwa za kitaifa hufanyika viwanjani, na tarehe zake zimeangukia pabaya kwa nyasi. Madaraka ni Juni 1, mvua ndefu ikiwa imetoka tu kuisha na ardhi ikiwa laini. Mashujaa ni Oktoba 20, katikati ya wakati wa kulisha na kutoboa. Jamhuri ni Desemba 12, sakitu ikibisha hodi.

Hakuna anayependekeza sikukuu zihamishwe. Kinachoweza kuhamishwa ni lori. Lori la kubeba viti na hema likiingia hadi katikati ya uwanja wa Juni huacha mifereji miwili ambayo itajaa maji mpaka Agosti, na katika miezi hiyo ya mawingu nyasi hazina jua la kutosha kujiponya. Hapa ndipo baridi ya kwanza, ile isiyogandisha, hufanya madhara yake: nyasi hudhoofika kwa kukosa mwanga, udongo haukauki, kila mchezo hushindilia tope zaidi. Malori yasimame langoni na viti vibebwe kwa mikono. Hema zifunguliwe siku ile ile jioni, si baada ya siku tatu. Jukwaa liwekwe pembeni, nje ya mstari wa kuchezea. Mitaro ya uwanja izibuliwe Februari, kabla ya mvua, kwani Mei hakuna atakayeikumbuka. Miti ya upande wa mashariki na kaskazini ipunguzwe matawi, maana katikati ya mwaka jua letu hupita upande wa kaskazini na kila saa ya mwanga ina thamani.

Gofu ina jibu lingine kwa miezi hiyo. Shimo kwenye grini halikai mahali pamoja. Huhamishwa mara kwa mara ili miguu isikanyage sehemu moja, na viwanja vingi vya Uingereza hufunga grini kuu kabisa siku mbaya za baridi na kutumia grini za muda. Uwanja wa shule hauwezi kuhama, lakini magoli ya mazoezi yanaweza. Golikipa anayefanya mazoezi kila jioni katika mita zile zile sita ndiye mchimbaji wa shimo tunalolilalamikia Agosti. Magoli mepesi ya miti au vyuma, yakisogezwa kila wiki pembeni mwa uwanja, huacha eneo la mechi lipumzike. Na kamati inayoweza kukubali siku moja ya wiki bila mchezo wowote, mwaka mzima, itakuwa imefanya kile wanachofanya St Andrews bila kutumia hata shilingi.

Uwanja ukishaungua

Wakati mwingine yote hufanywa na sakitu bado hupiga. Uwanja ukigeuka wa kahawia Januari, kwanza kabisa usichomwe moto na usilimwe. Chukua kisu, chimbua kipande cha ukubwa wa kiganja, na upasue shina lililo chini ya mkeka. Ndani likiwa jeupe na gumu, nyasi ipo hai. Likiwa la kahawia na laini kama kitu kilichooza, sehemu hiyo imekufa. Ifanywe hivyo mahali kumi tofauti, na zilizokufa ziwekewe alama ya kigingi. Mara nyingi vigingi vitakuwa vichache kuliko macho yalivyohofia.

Palipokufa pasubiri mvua. Nyasi iliyopandwa Januari hukauka, na iliyopandwa Novemba hukutana na sakitu ikiwa bado changa. Mwishoni mwa Machi, mvua ikishazama vizuri, vipande vya mashina vyenye vifundo viwili au vitatu hukatwa kutoka pembeni mwa uwanja huo huo, ambako vipo bure, na kulazwa kwenye vijifereji vyenye nafasi ya sentimita 20 hivi, kifundo kimoja kikiachwa juu ya udongo. Hushindiliwa kwa mguu. Kinangop mashina huchukua muda mrefu kushikana kuliko Nairobi, kwa kuwa joto ni dogo, na sehemu hiyo izungushiwe kamba mpaka mtu akivuta shina kwa vidole viwili lisitoke.